Elimu Yako katika Fomu ya Uhamiaji: Taja Yote Uliyonayo, Wala Usizidishe



Miongoni mwa wananchi wanaofika katika ofisi za Watendaji wa Kata kuomba barua za utambulisho, wamo wanaojiandaa kuomba kazi, masomo au ukaazi wa kudumu katika nchi za nje. Wengi wao ni watu wenye taaluma: wauguzi, walimu, wahasibu, mafundi umeme, wataalamu wa kompyuta. Maswali yao ya kwanza huwa juu ya pasipoti, picha na ada. Ni wachache wanaouliza juu ya sehemu ya fomu inayohusu elimu, kwa kuwa kila mtu hudhani anajua alikosoma na alichohitimu. Hata hivyo, sehemu hiyo ndiyo inayoweza kumpandisha mwombaji au kumfungia mlango kwa miaka mingi.

Makala haya yanaeleza namna ya kutaja elimu katika maombi ya uhamiaji, na yanachukua mfano wa Kanada, ambayo utaratibu wake umeandikwa wazi na hutumia alama kwa kila ngazi ya elimu. Kanuni ya msingi inayofaa kuzingatiwa tangu mwanzo ni hii: mwombaji anataja vyeti alivyonavyo, vyote na hivyo tu. Thamani ya vyeti hivyo katika mfumo wa nchi nyingine hupangwa na chombo kilichopewa kazi hiyo. Haipangwi na mwombaji, wala na wakala wake.

Kwa nini elimu inaulizwa

Tangu Januari 2015, Kanada imekuwa ikipokea maombi ya wafanyakazi wenye ujuzi kupitia mfumo wa kielektroniki unaoitwa Express Entry. Mwombaji hujaza taarifa zake, kisha mfumo humpa alama kwa kuzingatia umri, elimu, lugha, uzoefu wa kazi na mambo mengine. Jumla ya juu kabisa ni alama 1,200. Wenye alama nyingi katika kila awamu hupewa mwaliko wa kuwasilisha maombi kamili.

Kwa mwombaji asiye na mwenzi wa ndoa anayefuatana naye, elimu ya sekondari iliyokamilika humpa alama 30. Masomo ya mwaka mmoja baada ya sekondari humpa 90, na ya miaka miwili 98. Shahada ya kwanza, au masomo mengine ya miaka mitatu na kuendelea, humpa 120. Vyeti viwili au zaidi vya baada ya sekondari, kimojawapo kikiwa cha masomo ya miaka mitatu au zaidi, humpa 128. Shahada ya uzamili ina alama 135 na ya uzamivu 150. Zipo pia alama za nyongeza zinazotokana na kuunganisha elimu na ufasaha wa lugha au uzoefu wa kazi. Mwenye mwenzi anayefuatana naye hupimwa kwa jedwali lenye tofauti kidogo, na elimu ya mwenzi nayo huweza kuongeza alama.

Kwa kuitazama orodha hiyo, msomaji ataona mara moja kishawishi kilipo. Aliyeishia mwaka wa pili wa shahada ya uzamili anaona alama 135 zikimwita. Mwenye stashahada ya miaka miwili anajiuliza kama hawezi kuiita shahada. Ataona pia hasara iliyo upande wa pili: mwenye shahada ya kwanza na stashahada ya mwaka mmoja aliyoipata baadaye, akiiacha ile stashahada kwa kuiona ndogo, amejipunguzia haki yake mwenyewe. Kuzidisha na kupunguza ni makosa yote mawili, ingawa uzito wake haulingani.

Tathmini ya vyeti

Tangu Mei 2013, Kanada imewataka waombaji wa programu ya shirikisho ya wafanyakazi wenye ujuzi waliosoma nje ya nchi hiyo wafanyiwe tathmini ya vyeti vya elimu, inayojulikana kwa kifupi ECA. Tathmini hii hujibu maswali mawili: je, cheti hiki ni halali, na kinalingana na ngazi gani ya elimu ya Kanada?

Jambo hili si geni kwetu. Mtanzania aliyesoma shahada nje ya nchi hupeleka vyeti vyake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ili vitambuliwe, na aliyesoma sekondari nje hupeleka matokeo yake Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) ili yalinganishwe na ya hapa. Kanada inafanya kwa vyeti vyetu kile tunachokifanya sisi kwa vyeti vya wengine.

Tathmini hiyo hufanywa na taasisi zilizoteuliwa na serikali ya Kanada. Miongoni mwake ni World Education Services, inayofahamika kwa kifupi WES, na kitengo cha tathmini linganishi cha Chuo Kikuu cha Toronto. Madaktari huelekezwa kwa Baraza la Tiba la Kanada, na wafamasia kwa Bodi ya Mitihani ya Famasia ya nchi hiyo. Tathmini iliyofanywa na taasisi isiyo katika orodha hiyo haikubaliwi kwa ajili ya maombi ya uhamiaji, hata kama ni nzuri kiasi gani. Orodha kamili hupatikana katika tovuti ya serikali ya Kanada, na mwombaji anashauriwa aisome mwenyewe kabla ya kulipa ada yoyote.

Mambo manne ya kukumbuka kuhusu tathmini hii ni haya:

Kwanza, ripoti hudumu miaka 5 tangu ilipotolewa. Iliyopitwa na wakati haitumiki, na mwombaji hulazimika kuomba nyingine.

Pili, mara nyingi taasisi ya tathmini hutaka hati za matokeo zitoke moja kwa moja katika chuo au baraza la mitihani, ama kwa bahasha iliyofungwa kwa lakiri ama kwa njia ya kielektroniki. Nakala uliyoibeba mwenyewe mkononi haitoshi.

Tatu, kwa kawaida cheti cha juu kabisa ndicho kinachotathminiwa. Lakini anayedai alama za vyeti viwili au zaidi anapaswa kuvifanyia tathmini vyote anavyovidai.

Nne, tathmini haimpi mtu leseni ya kufanya kazi. Muuguzi, mwalimu au mhandisi ambaye vyeti vyake vimetambuliwa kwa ajili ya uhamiaji bado atatakiwa kusajiliwa na bodi ya taaluma yake katika jimbo analokwenda. Ni vema kulijua jambo hili kabla ya kuuza shamba.

Ngazi ya juu uliyomaliza

Swali la fomu linalowasumbua wengi ni lile linalouliza ngazi ya juu ya elimu. Neno la kuzingatia katika swali hilo ni “kumaliza”. Aliyefika mwaka wa tatu wa chuo akaacha kwa kukosa ada, ngazi yake ya juu ni ile aliyoikamilisha kabla ya chuo. Aliyemaliza mitihani yote lakini bado hajapitishwa na seneti ya chuo chake hana shahada hadi atakapotunukiwa. Anayesubiri matokeo asitangulie kuyaandika.

Hii haina maana kwamba masomo yasiyokamilika yafichwe. Fomu zina sehemu mbili zinazouliza mambo mawili tofauti. Moja inataka ngazi ya juu iliyokamilika. Nyingine inataka historia ya masomo, pamoja na tarehe za kuanza na kuishia. Katika sehemu ya historia, miaka miwili ya chuo iliyoishia njiani huandikwa kama ilivyokuwa, kwa tarehe zake, na kuoneshwa kwamba haikuzaa cheti. Katika fomu ya historia binafsi iitwayo Jedwali A, inayotumika katika aina nyingi za maombi ya ukaazi wa kudumu wa Kanada, mwombaji hutakiwa pia kuandika idadi ya miaka aliyoifaulu katika shule ya msingi, sekondari, chuo na mafunzo ya ufundi, na kueleza alichokuwa akifanya katika miaka 10 iliyopita bila kuacha pengo. Miaka ya chuo ikifichwa, pengo litaonekana, na pengo huzaa maswali.

Mfumo wetu wa miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya kawaida na 2 ya juu, unaofuatwa na shahada ya miaka mitatu au zaidi, haufanani na wa Kanada. Kwa sababu hiyo, mwombaji asijitafsirie. Aliyemaliza Kidato cha Nne aandike Kidato cha Nne na cheti alichopata. Mwenye stashahada aandike stashahada. Mwenye astashahada ya ufundi kutoka chuo kilichosajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) aandike jina la cheti hicho kama lilivyochapwa. Baada ya tathmini kutoka, ngazi iliyotajwa katika ripoti ndiyo itakayojazwa mahali panapouliza ulinganifu wa Kanada, hata kama iko chini ya mwombaji alivyotarajia.

Vivyo hivyo, waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2014 watakumbuka kwamba matokeo yao yalitolewa kwa mfumo wa wastani wa alama, badala ya Daraja la Kwanza hadi la Nne tulilolizoea. Mfumo wa madaraja ulirejeshwa baadaye. Mhitimu wa mwaka huo asibadilishe matokeo yake kuwa daraja kwa hesabu yake mwenyewe. Aandike kinachosomeka katika cheti.

Kozi fupi za wiki au miezi michache, semina na vyeti vya kuhudhuria mafunzo kazini havihesabiwi kuwa ngazi ya elimu katika jedwali la alama. Vinaweza kuelezea uzoefu wa kazi, lakini visihesabiwe kama stashahada.

Majina ya watu na majina ya vyuo

Katika jamii yetu mtu mmoja aweza kuwa na majina kadhaa. Cheti cha kuzaliwa kina jina la ubatizo, cheti cha Kidato cha Nne kina jina la babu, shahada ina jina la ukoo, na kitambulisho cha taifa kimebadilisha herufi moja. Kwetu sote, huyo ni mtu yuleyule. Kwa afisa aliyeko maelfu ya kilomita, hao wanaweza kuwa watu watatu.

Fomu za uhamiaji huuliza kama mwombaji amewahi kutumia jina jingine. Jibu la kweli huandikwa hapo, pamoja na majina yote yanayoonekana katika vyeti. Aliyebadili jina kwa ndoa aambatishe cheti cha ndoa. Aliyebadili kwa hiari aambatishe hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kisheria. Tofauti ndogo za herufi huelezwa kwa hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya Kamishna wa Viapo. Kazi hii ifanyike kabla ya vyeti kutumwa kwa taasisi ya tathmini, kwa kuwa ripoti itatoka kwa jina lililopokelewa.

Lipo pia jambo zito zaidi ambalo halipendezi kulitaja, lakini linawagusa wenzetu. Wako waliorudia darasa au mtihani kwa jina la mtoto mwingine, wakaendelea na jina hilo hadi chuo. Mtu wa namna hiyo asidhani kwamba hati ya kubadili jina peke yake imemaliza suala, wala asiingie katika maombi ya uhamiaji kwa matumaini kwamba hakuna atakayeuliza. Kabla ya kuandika chochote, atafute ushauri wa wakili aliyesajiliwa, aeleze ukweli wote, na aelekezwe namna ya kulishughulikia jambo hilo kisheria hapa nchini.

Majina ya vyuo nayo hubadilika. Mathalani, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kabla ya hapo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzumbe ilikuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001. Mhitimu wa zamani aandike jina la taasisi lililo katika cheti chake, kisha aeleze kwa sentensi moja kwamba taasisi hiyo sasa inaitwaje. Aliyesoma katika chuo kilichofungwa aulize TCU au NACTVET, kwa kadiri ya aina ya chuo, kumbukumbu za wahitimu zinapatikana wapi.

Wazazi wenye watoto wanaosajiliwa kwa mitihani ya taifa wana nafasi ya kuzuia usumbufu huu mapema. Jina linaloandikwa katika usajili wa mtihani ndilo linalotoka katika cheti. Mzazi afike shuleni na cheti cha kuzaliwa, alinganishe herufi kwa herufi, na aombe marekebisho wakati usajili ungali wazi.

Vyeti vilivyopotea, na huduma zilizo karibu nawe

Nyumba zimeungua, mafuriko yamepita, na masanduku yameibwa. Aliyepoteza cheti cha Baraza la Mitihani asitafute wa kumchapia kingine mtaani. NECTA ina utaratibu wake wa kuwahudumia waliopotelewa, unaoanza na taarifa ya upotevu iliyotolewa na Jeshi la Polisi na tangazo katika gazeti. Baraza pia huweza kutuma uthibitisho wa matokeo moja kwa moja kwa taasisi inayouhitaji. Kwa vyeti vya vyuo, mwombaji humwandikia msajili wa chuo husika.

Wakazi wanakumbushwa mgawanyo wa huduma, ili wasipoteze nauli. Ofisi ya Mtendaji wa Kata, Kijiji au Mtaa hutoa barua ya utambulisho inayothibitisha makazi. Barua hiyo haithibitishi elimu. Mkuu wa shule hutunza kumbukumbu za waliosoma shuleni kwake, na pale shule ilipobadilishwa jina au kuunganishwa, Ofisi ya Afisa Elimu ya Halmashauri ndipo mahali pa kuulizia. Vyeti vya kuzaliwa hushughulikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kupitia ofisi yake ya wilaya. Nakala za vyeti huthibitishwa na wakili au hakimu. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili, kama baadhi ya vyeti vya shule ya msingi, huhitaji tafsiri ya mtafsiri anayetambulika, nayo huambatishwa pamoja na nakala ya hati yenyewe.

Huduma hizi huchukua muda. Katika mfumo wa Kanada, anayepata mwaliko hupewa siku 60 kuwasilisha maombi kamili. Siku hizo hazitoshi kutafuta cheti kilichopotea, kusahihisha jina na kusubiri tathmini. Kwa hiyo vyeti hukusanywa kwanza, na fomu hufuata.

Sheria inasema nini

Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya Kanada, katika kifungu cha 16, inamtaka mwombaji ajibu maswali yote kwa ukweli. Kifungu cha 40 kinaeleza matokeo ya kutofanya hivyo. Anayetoa taarifa zisizo za kweli, au anayeficha jambo la msingi ambalo lingeweza kumpotosha afisa, huhesabiwa kuwa hastahili kuingia nchini humo kwa miaka 5. Hadi mwaka 2014 ilikuwa miaka miwili. Katika kipindi hicho hawezi hata kuomba ukaazi wa kudumu. Aliyekwisha kupewa ukaazi huweza kunyang'anywa, na uraia uliopatikana kwa udanganyifu huweza kubatilishwa. Udanganyifu wa makusudi ni kosa la jinai pia, lenye adhabu inayoweza kufikia faini ya dola 100,000 za Kanada au kifungo cha miaka 5. Hapa nyumbani, kughushi hati ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Turudi kwenye jedwali la alama. Kati ya shahada ya kwanza na ya uzamili, tofauti ya alama za elimu kwa mwombaji asiye na mwenzi ni 15. Hata zikijumlishwa na zile za nyongeza, alama hizo zinaweza kutafutwa kwa njia halali: kurudia mtihani wa lugha, kuongeza mwaka wa uzoefu, au kuikamilisha hiyo shahada yenyewe. Miaka 5 ya kufungiwa haina njia ya kufupishwa kwa kusoma.

Wala mtu asijifariji kwamba vyeti vyetu havikaguliwi. Tunao mfano wa hapa nchini. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi kwa miaka bila kuulizwa. Siku rekodi za ajira zilipolinganishwa na za Baraza la Mitihani, ukimya huo haukuwasaidia. Rekodi za uhamiaji nazo hutunzwa vivyo hivyo. Aliyeomba viza ya masomo miaka iliyopita akaandika kwamba ana Kidato cha Sita, kisha leo akaandika shahada iliyopatikana kabla ya maombi yale, ajue kwamba fomu zote mbili zitasomwa pamoja.

Anayesaini ndiye anayewajibika

Mawakala wapo wa aina mbili, waaminifu na wengine. Sheria ya Kanada inaruhusu watu wa makundi machache tu kumwakilisha mwombaji kwa malipo: mawakili walio wanachama wa vyama vya sheria vya nchi hiyo, wathibitishaji hati wa Quebec, na washauri waliosajiliwa na chuo cha kitaaluma cha washauri wa uhamiaji na uraia, kilichoanza kazi mwaka 2021. Majina yao huwekwa katika rejesta ya wazi. Yeyote anayelipwa kwa kazi hiyo na hayumo katika makundi hayo hana ruhusa, na mwombaji anayemtumia pasipo kumtaja hujiweka katika hatari.

Hata pale wakala anapojaza fomu, sahihi ni ya mwombaji, na wajibu ni wake. Mwaka 2023 Kanada ilikumbwa na kadhia ya wanafunzi wengi, hasa kutoka India, waliogundulika kuingia kwa barua za udahili za kughushi. Baadhi yao walieleza kwamba barua hizo waliletewa na mawakala, nao hawakujua kuwa si za kweli. Juni mwaka huo waziri wa uhamiaji, Sean Fraser, alitangaza kikosi cha kuchunguza shauri moja moja ili kuwatenga waliotapeliwa na walioshiriki udanganyifu. Kabla ya hapo walikuwa wameishi na hofu ya kufukuzwa, na mzigo wa kueleza ulikuwa juu yao. Tangu Desemba 2023 kila barua ya udahili huhakikiwa na chuo kilichotajwa.

Kwa hiyo, mkazi anayesaidiwa na wakala adai mambo matatu: nywila ya akaunti yake mwenyewe, nakala ya fomu yote kabla haijatumwa, na nakala ya kila kiambatisho. Wakala anayekataa, au anayesema “usijali, cheti tutakitengeneza”, amekwisha kujieleza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini katika kisima hiki anayetangulia kuingia ni mteja.

Ikiwa kosa limekwisha kuingia

Makosa ya bahati mbaya hutokea: mwaka wa kuhitimu ulioandikwa vibaya, au stashahada iliyosahaulika. Yakionekana kabla ya maombi kuwasilishwa, husahihishwa katika fomu yenyewe. Yakionekana baadaye, mwombaji huiandikia idara ya uhamiaji kupitia fomu yake ya mtandaoni, akieleza kosa lilivyotokea, taarifa sahihi ni ipi, na kuambatisha ushahidi. Anayejisahihisha kabla hajaulizwa yuko mahali pazuri kuliko anayesubiri.

Afisa akitilia shaka taarifa, kwa kawaida humwandikia mwombaji barua ya kumpa nafasi ya kujieleza kabla ya kuamua. Barua hiyo ina muda maalumu wa kujibiwa, isipuuzwe hata siku moja, na hapo ndipo inapofaa kutafuta msaada wa mwanasheria. Mahakama za Kanada zimekubali utetezi wa aliyeamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba anasema kweli, lakini mlango huo ni mwembamba. Kusema “sikuisoma fomu” hakumwingizi mtu humo.

Kagua kabla ya kutuma

Nchi nyingine zina taratibu zake. Uingereza ina kituo chake cha kulinganisha vyeti, na sheria ya Marekani ya bahati nasibu ya viza imeweka sharti la elimu ya sekondari iliyokamilika au uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ingawa upatikanaji wa viza hizo hubadilika kwa maamuzi ya serikali yake. Popote mkazi anapoomba, maswali yafuatayo yatamfaa:

Je, kila cheti nilichokitaja ninacho, au kinaweza kuthibitishwa na aliyekitoa?

Je, ngazi ya juu niliyoandika nimeikamilisha na kutunukiwa?

Je, masomo yote yamo katika historia, hata yale yasiyokamilika, na tarehe hazina pengo wala mgongano?

Je, majina katika vyeti, pasipoti na fomu yanalingana, au tofauti zake zimeelezwa kwa hati?

Je, taarifa hizi zinaafikiana na fomu nilizowahi kujaza huko nyuma?

Je, nimeisoma fomu yote mwenyewe, kwa lugha ninayoielewa, kabla ya kusaini?

Asiyeelewa lugha ya fomu amwombe mtu anayemwamini amsomee swali kwa swali, akiwa na vyeti vyake mezani. Kazi hiyo huchukua jioni moja. Mwenye shahada moja aandike moja, na mwenye Kidato cha Nne na ufundi alioupata VETA aandike hivyo hivyo. Wapo waliopata walichoomba kwa vyeti vya namna hiyo, kwa kuwa kila walichoandika kilipoulizwa, chuo au baraza la mitihani lilijibu kuwa ni kweli.